SOMO: TULIJUA NA TUKAENDELEA
Breki za kamionete ya zamani na amri ya Mungu

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kuendelea: Kutoka 21:18-19 na 21:28-30, Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5-7, Yakobo 3:3-4.



Kanisa letu linasimama juu ya maneno matatu ambayo hata mtoto mdogo anayajua: bolingo, mibeko, misala, ni kusema upendo, amri, kazi. Juu ya upendo tunaimba kila siku. Juu ya kazi tunafurahi, na tuna sababu, maana hekalu la Nkamba lililofunguliwa mwaka 1981 lilijengwa kwa mikono ya waamini wenyewe. Lakini neno la katikati, amri, tunalipita upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya yule anayemdai. Somo la leo ni juu ya neno hilo la katikati, na tutalifundisha kwa njia ya breki za kamionete, zile ambazo mafundi wetu wa hapa wanaziita fre. Msishangae. Bwana wetu alifundisha kwa njia ya jembe, wavu na chachu, vitu ambavyo watu walivishika kila siku.

1. MAMBO YALIYOTUPATA

Hapa Mikelenge mmoja wetu kati ya mashemasi ana kamionete Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1970, ile ya namna ya 45, yenye kichwa kifupi mbele na sanduku la mizigo nyuma. Siku za juma inabeba mpunga na mawese kwenye njia ya Kalima. Sikukuu zikikaribia inabeba waimbaji, wapiga filimbi, sufuria na viti. Kwa gari la umri ule tulikuwa tukimshukuru Mungu. Tulikuwa tumechanga kwa kutengeneza injini, ikawa inaunguruma vizuri. Tulichanga tena kwa kupaka rangi, ikapakwa kijani na nyeupe, na watu wote wa njiani wakaigeukia. Kwa breki hatukuchanga. Breki hazionekani, na kwa kitu kisichoonekana mkono haukimbii kwenda mfukoni.

Kumbe miezi mingi pedali ya breki ilikuwa haishiki mara ya kwanza. Ilitaka kukanyagwa mara tatu. Shofere alijua. Mwenye gari alijua. Sisi tuliokuwa tunakaa mbele tulijua pia, hata tulizoea kuhesabu pamoja na shofere: moja, mbili, tatu, imeshika. Tulifanya ugonjwa wa gari kuwa mchezo.

Siku mbili kabla ya tarehe 6 Aprili, miaka michache iliyopita, tulikuwa tukienda kuvuka Lualaba kwa kuelekea Alunguli. Nyuma walikaa wamama wa kwaya juu ya magunia ya mpunga. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulipoanza kushuka kuelekea mtoni, shofere alikanyaga. Moja, mbili, tatu. Safari hii hata mara ya tatu haikushika. Alivuta breki ya mkono, nayo haikushika. Mbele yetu kulikuwa na watu wanaongoja kuvuka, na nyuma yao maji. Shofere alikata usukani, akaipeleka kamionete kwenye ukingo wa udongo, ikasimama mita chache kabla ya mto.

Wamama walishuka wakitetemeka, lakini wazima. Tukapiga magoti pale pale katika matope, tukaomba, tukaanza wimbo wa kumshukuru Mungu aliyetuokoa. Tulikuwa tumefika ubeti wa pili wakati kijana mmoja asiyekuwa wa kanisa letu alipotushika begani na kutuonyesha kwa kidole. Kando ya ukingo, katikati ya ndizi zilizomwagika, mama mmoja muuzaji alikuwa amelala chini. Mguu wake ulikuwa umevunjika. Sisi tulikuwa tunaimba, na yeye alikuwa bado chini.

Ndugu wapenzi, mnajua tarehe 6 Aprili ni siku gani. Ni siku ya kukumbuka mwaka 1921, pale Ngombe-Kinsuka, Papa Simon Kimbangu alipomwekea mikono mama Nkiantondo aliyekuwa mgonjwa sana, naye akapona. Kazi ya kanisa letu ilianza kwa mama aliyeinuka. Na sisi, siku mbili kabla ya sikukuu hiyo, tulikuwa tumemlaza mama mwingine kwenye kitanda cha hospitali.

Siku ya tatu tulikwenda kumwona, tukiwa na sukari na mikate. Mama yule ni Mwislamu, mjane, mwenye watoto wanne. Alitupokea kwa heshima, akatuonyesha mahali pa kukaa. Mmoja wetu akaanza kusema kwamba adui shetani alitaka kuharibu sikukuu ya Bwana. Mama akanyamaza mpaka akamaliza. Kisha akasema: "Wababa wa kanisa, ninauliza neno moja tu. Breki za gari lenu, mlikuwa mnajua?"

Tuliangaliana. Yule mzee kati yetu ndiye aliyejibu: "Ndiyo, mama. Tulijua."

Akasema: "Basi msimtaje shetani."

Tulitoka pale bila neno lingine, na somo hili lote linatoka katika swali lile la mama.

2. NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI

Someni Kutoka 21:28-30. Musa anatoa sheria ya ng'ombe anayepiga watu kwa pembe. Kama ng'ombe amempiga mtu kwa mara ya kwanza na mtu akafa, ng'ombe anauawa, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, basi damu ile inamrudia mwenye ng'ombe. Tofauti ya watu hawa wawili ni kujua. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile, lakini mmoja hakujua, na mwingine alijua akaendelea. Sisi tulihesabu moja, mbili, tatu kwa midomo yetu wenyewe. Ng'ombe wetu alikuwa ametuonya kila siku.

Someni pia Kumbukumbu la Torati 22:8. Mtu anayejenga nyumba anaamriwa kuzungushia ukuta mdogo juu ya dari yake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni vizuri: ukuta ule haumsaidii sana mwenye nyumba, maana yeye anaijua dari yake hata usiku. Unamsaidia mgeni, na mtoto wa jirani. Hivyo ndivyo breki zilivyo. Injini inafanya kazi kwa ajili ya yule aliye ndani ya gari. Breki zinafanya kazi kwa ajili ya yule aliye mbele yake, ambaye hatujui jina lake wala dini yake. Kwa hiyo amri haipigani na upendo. Amri ni upendo kwa mtu ambaye bado hatujakutana naye.

Wengine watauliza: je, hatukuomba kabla ya safari? Tuliomba. Tunaomba kila safari, na hatutaacha. Lakini someni Mathayo 4:5-7. Shetani alimpandisha Bwana juu ya mnara wa hekalu, akamwambia ajitupe chini, kwa sababu malaika watampokea. Bwana alikataa, akajibu kwamba si vema kumjaribu Mungu. Yule aliyetembea juu ya maji alikataa kujitupa kutoka juu bila sababu. Na sisi, je, tunashuka kilima na breki mbovu tukisema malaika watatupokea? Hiyo si imani. Huko ni kumjaribu Mungu, tena kwa miguu ya mtu mwingine.

Maji ya Nkamba tunayaheshimu, na kila mmoja wetu ana ushuhuda wake. Lakini hatukupewa maji yale ili tuache kununua mafuta ya breki. Neno la tatu la kanisa letu ni kazi, nayo sala haikuifuta.

3. KAZI YENYEWE: NAMNA TULIVYOZIREJESHA BREKI

Tunaandika sehemu hii kwa urefu kwa sababu ndugu wengi katika parokia zetu wana magari ya zamani, na vijana wengi wanajifunza kazi ya garaje. Mtumishi anayejua namna kitu kinavyofanya kazi hadanganywi upesi, wala na fundi wala na uvivu wake mwenyewe.

Kwanza, tuelewe breki. Mguu unasukuma pedali. Pedali inasukuma pistoni katika silinda kubwa iliyojaa mafuta ya breki. Mafuta yanapita katika mabomba membamba mpaka kila gurudumu, na kule yanasukuma pistoni za silinda ndogo. Hizo zinafungua viatu vya breki, vyuma viwili vilivyopindwa kama nusu ya mviringo na kuvalishwa kitu kigumu ambacho mafundi wanakiita garnitire. Garnitire inasugua ndani ya tamburi, chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano ule unageuza mwendo kuwa moto, gari likasimama.

Nguvu inapita namna hiyo kwa sababu maji na mafuta hayakubali kubanwa. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, mtu wa hesabu na tena mtu wa kumwamini Mungu, ndiye aliyeeleza kwamba ukisukuma maji yaliyofungwa, msukumo unafika pande zote kwa kipimo kimoja. Mwaka ule ule wa 1921, kazi ya Papa Simon Kimbangu ilipoanza, gari la Marekani liitwalo Duesenberg lilishinda mashindano makubwa ya Ufaransa huko Le Mans likiwa na breki za namna hii kwenye magurudumu yote manne. Watu walishangaa kuona namna linavyosimama.

Hewa, kinyume chake, inakubali kubanwa. Hewa kidogo tu ikiingia katika bomba, mguu unaibana hewa badala ya kusukuma viatu. Pedali inakuwa laini kama mkate uliolowa, nawe unaanza kuhesabu moja, mbili, tatu.

Pili, tulisimamisha gari. Jambo hili dogo lilikuwa gumu kuliko mengine, maana mpunga ulikuwa unangoja na sikukuu ilikuwa inakaribia. Sikukuu ile waimbaji walitembea kwa miguu. Hakuna kazi ya breki inayofanywa vizuri kati ya safari mbili.

Tulimpata fundi mmoja mzee, akatuambia: "Papa shemasi, nitafungua magurudumu yote manne au sifungui hata moja." Tulikubali. Aliweka mawe mazito mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, akainua gari kwa kriki, kisha akaweka magogo manene chini ya ekseli. Vijana, shikeni hili: mtu haingii chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua, si ya kushika.

Tamburi likikataa kutoka, usilipige kwa nyundo kubwa, litapasuka. Legeza kwanza kirekebisho cha viatu. Matamburi mengi ya Toyota yana matundu mawili yenye nyuzi: ingiza bulo mbili, zikaze kidogo kidogo kwa zamu, nalo litasukumwa nje lenyewe.

Vumbi lililomo ndani msilipulize kwa mdomo wala kwa pompi ya hewa. Garnitire nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ile inayoitwa pia amianti, na vumbi lake likiingia katika mapafu linaleta ugonjwa wa kuua baada ya miaka mingi. Tulilowesha kwa maji, tukafuta kwa vitambaa vyenye maji, tukavifukia. Tunawaonea huruma vijana wa garaje wanaopuliza vumbi lile kila siku huku wakicheka.

Tatu, tuliona yaliyofichika. Tunayaeleza moja baada ya jingine, maana kila moja lilikuwa dhambi ndogo yenye historia yake.

Gurudumu la nyuma la kuume lilikuwa limelowa. Mipira midogo ndani ya silinda yake ilikuwa imevimba na kulegea, mafuta yakawa yanavuja juu ya garnitire. Sababu ilijulikana: siku fulani mafuta ya breki yalikosekana, mtu akaweka mafuta ya injini. Mafuta ya injini, petroli na mafuta ya taa yanaharibu mipira ile. Siku nyingine waliweka maji ya sabuni, na maji yakaleta kutu na vishimo ndani ya silinda. Kila mara gari lilitembea siku hiyo, na kila mara mtu alisema: "Si mnaona, linatembea."

Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa kavu na safi, na garnitire yake nzima kama mpya. Tulifurahi, lakini fundi hakufurahi. Alifuata bomba kwa vidole mpaka akafika mahali palipopigwa nyundo na kufungwa kabisa. Zamani gurudumu lile lilikuwa linavuja, na badala ya kuliponya wakaliziba ili mafuta yasiishe. Kwa hiyo miaka mingi gari lilikuwa linasimama kwa magurudumu matatu, nasi tukaliita zima. Hapa mmoja wetu alisema neno tusilolisahau: "Hata katika parokia tunafanya hivi. Ndugu akisema makosa yetu, tunamziba, kisha tunasema kuna amani."

Mbele, garnitire zilikuwa zimeisha mpaka vipini vinavyozishika vilikuwa vinakwaruza chuma. Bomba moja la mpira lilikuwa zima kwa nje, lakini limevimba ndani na kuzuia mafuta.

Na breki ya mkono? Kwenye gari hili haishiki magurudumu yenyewe. Inashika tamburi dogo lililo nyuma ya sanduku la pili la gia, kwenye mti unaopeleka nguvu nyuma. Mafuta ya gia yalikuwa yanavuja na kuingia mle, garnitire ikateleza kama sabuni. Ndiyo sababu siku ile shofere aliivuta bure.

Nne, kutengeneza. Silinda zenye mikwaruzo midogo zilisuguliwa ndani kwa karatasi laini ya msasa, zikaoshwa kwa mafuta safi ya breki. Zenye vishimo vikubwa zilitupwa, kwa sababu mpira mpya juu ya chuma kilichooza unavuja tena. Mipira yote ilibadilishwa, hata ile iliyoonekana mizuri. Tuliagiza Goma, tukangoja majuma mengi. Bomba lililozibwa liliondolewa, likawekwa jipya la chuma. Kiziba mafuta cha sanduku la gia nacho kilibadilishwa kwanza, ndipo garnitire ya breki ya mkono.

Garnitire zilizolowa mafuta hazioshwi wala hazikaushwi kwa moto. Tunajua wengine wanazichoma mpaka moshi unaisha, kisha wanazirudisha. Mafuta yameingia ndani kabisa, nayo yatarudi juu siku zikipata moto kwenye mteremko. Tena garnitire hubadilishwa pande zote mbili za ekseli moja kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta upande mmoja na kukutupa nje ya njia.

Juu ya mafuta ya breki: yanapenda maji, yanayanyonya kutoka katika hewa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia digrii 205. Yakiisha kunyonya maji, kipimo chake kinashuka mpaka digrii 140 hivi. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, maji yaliyomo yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Kwa hiyo katika nchi yetu ya mvua nyunyu na unyevu, nunueni chupa ndogo iliyofungwa, msiweke akiba chupa iliyofunguliwa zamani. Mafuta yaliyotoka kwenye bomba hayarudishwi.

Tano, kutoa hewa, kazi ambayo garaje wanaiita purje. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye pedali, mwingine anakaa chini kwenye gurudumu na ufunguo, pamoja na mpira mwembamba uliotumbukizwa katika chupa yenye mafuta kidogo. Wa chini anasema: "Kanyaga." Wa juu anakanyaga na kujibu: "Nimeshika." Wa chini anafungua, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, kisha anasema: "Achia." Kama wa juu akiachia kabla ya kuambiwa, hewa inarudi na kazi inaanza upya. Wanaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kubwa. Kwenye gari lenye usukani wa kushoto ni lile la nyuma la kuume, kisha la nyuma la kushoto, la mbele la kuume, na mwisho la mbele la kushoto. Wakati wote mtu anaangalia kikopo cha mafuta kisikauke.

Sisi tulimweka shofere juu na mwenye gari chini, watu wawili ambao tangu siku ile ya mto walikuwa hawasemezani vizuri, kila mmoja akimtupia mwenzake kosa. Kwa muda wa saa mbili walilazimika kusikilizana neno kwa neno. Walipomaliza, pedali ilikuwa ngumu, na wao wawili walikula pamoja.

Sita, kujaribu. Kanyaga kwa nguvu na kushika dakika nzima. Kama pedali inazama polepole na hakuna mahali panapovuja nje, silinda kubwa imechoka ndani. Kisha jaribu mahali tambarare pasipo watu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu zaidi kidogo. Angalia kama gari linavuta upande mmoja. Simama na kupeleka mkono karibu na kila gurudumu: lililo na moto kuliko mengine lina viatu vilivyokazwa kupita kiasi, na lililo baridi kabisa halifanyi kazi. Gari lisipandishe watu siku hiyo.

4. YALE TULIYOYAAMUA

Kutoka 21:18-19 inasema kwamba aliyemwumiza mwenzake atalipa siku alizopoteza kazi, naye atamtunza mpaka apone kabisa. Kwa hiyo tulipokusanyika, mchango wa kwanza haukuwa wa breki. Ulikuwa wa mama: gharama ya hospitali, chakula cha watoto wake kwa miezi aliyokaa bila kuuza, na mtaji wa kuanza tena. Mchango wa pili ndio uliokuwa wa breki. Wakati wa hesabu tuliona aibu: mipira, garnitire na mafuta yote havikufika nusu ya bei ya ile rangi nzuri ya kijani na nyeupe.

Mama yule anatembea leo, lakini anachechemea. Hatusemi kwamba yote yamekwisha. Mguu wake ni barua tunayoisoma kila tunaposhuka mtoni.

Tuliweka pia sheria nne, zimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya gari:

Ya kwanza: pedali isiposhika mara ya kwanza, gari halitoki. Hakuna mara ya pili.

Ya pili: kwenye mteremko wa kwenda mtoni abiria wote wanashuka kabla, na gari linashuka kwa gia ya kwanza, ili injini isaidie breki.

Ya tatu: baada ya kuvuka maji, shofere anakanyaga taratibu mara kadhaa ili kukausha breki kabla ya kuongeza mwendo.

Ya nne: yeyote, hata mtoto, akiona kitu kibaya kwenye gari, ana haki ya kusema, na hakuna mzee atakayemnyamazisha.

Shofere wetu hanywi pombe wala havuti tumbako, kama amri za kanisa zinavyotaka, na tulikuwa tukijisifu juu ya hilo. Lakini shofere mwenye akili safi juu ya gari lisilosimama ana tofauti gani na mlevi? Yule aliye mbele anagongwa namna moja. Yakobo 3:3-4 inatukumbusha kwamba farasi mkubwa anaongozwa na chuma kidogo cha mdomoni, na merikebu kubwa kwa usukani mdogo. Mpira wa silinda ni mdogo kuliko kifuniko cha chupa, lakini wamama kumi na mto Lualaba vilikuwa vimetenganishwa na mpira ule.

5. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA FAMILIA NA PAROKIA

Nyumbani mwako, kazini mwako au katika huduma yako, ni kitu gani unakikanyaga mara tatu ndipo kishike? Tangu lini umezoea kuhesabu? Ni nani aliye mbele yako, atakayeumia siku kitakapokataa? Je, kuna ndugu tuliyemziba kama lile bomba kwa sababu alivujisha ukweli? Mara ya mwisho tulipotaja shetani, kweli alikuwa shetani, au tulikuwa tunajua?

Tuombe pamoja: Ee Bwana, uliyetupa upendo, amri na kazi, utupe macho ya kuona kile tunachokijua, na mikono ya kukitengeneza kabla mtu mwingine hajaumia. Umponye kabisa mama yule, na uwabariki watoto wake. Amina.

Sisi mashemasi wenu wa Mikelenge, Kindu.